Mhariri, hiyo alama ya 13 mmeitoa wapi?

Mhariri, salamu nyingi na poleni na kazi.

Naandika kuhusu kile kiboksi mlichotoa kwenye ukurasa wa afya, kile cha kujipima sonona na wasiwasi kwa dakika mbili. Maswali sita, kila moja unajipa alama 0 mpaka 4, unajumlisha, halafu chini mmeandika ukipata 13 kwenda juu una tatizo la akili na ukiwa chini ya hapo uko salama. Sa hivi kiboksi hicho kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kimepigwa picha, jina la gazeti limekatwa, watu wanatumiana alama zao kama matokeo ya mpira. Shemeji yangu kapata 4 kanitumia na kikatuni cha kucheka, wakati huyo shemeji sisi wote nyumbani tunajua usiku halali.

Maswali yenyewe sina ugomvi nayo. Nayajua, yanaitwa K6, yalitengenezwa Marekani na Ronald Kessler wa Harvard na wenzake, yakachapishwa 2002, na ni maswali mazuri tu: siku 30 zilizopita ni mara ngapi ulikuwa na wasiwasi, ulikosa tumaini, hukutulia, ulikuwa na huzuni mpaka hakuna cha kukuchangamsha, kila kitu ulikiona kizito, ulijiona huna thamani. Majibu yanaanzia "hata mara moja" mpaka "muda wote". Ugomvi wangu ni hiyo 13. Ile ilipatikana Marekani, kwa Wamarekani, na ilikuwa inawatafuta wale wenye ugonjwa mkali kabisa, sio kila mwenye sonona. Mtu mwenye 8 au 9 anaweza kuwa anaumwa na anahitaji kuonana na mtaalamu, nyie mmeshamwambia yuko salama, na gazeti likishaandika uko salama nani tena ataenda kupanga foleni hospitali?

Mi kazi yangu ni kuhoji watu. Nashika tableti, natembea nyumba kwa nyumba huku Temeke na Mbagala kwa tafiti za afya, leo malaria, kesho lishe, na mara kadhaa mambo ya akili, kwa hiyo naongea kama mtu wa kuuliza maswali, udaktari sina. Ila sisi tunaouliza ndo tunaona dodoso linavyofanya kazi likifika uani kwa mtu, na hapo pana vituko vyake, nitavisema.

Kwanza niwaambie walichofanya Wajapani, maana wao waliyachukua maswali hayahaya na hawakukimbilia kuyachapisha na alama ya watu wengine. Waliyatafsiri kwa Kijapani, tafsiri ikarudishwa kwa Kiingereza, wakalinganisha kuona kama maana imebaki. Kwetu hapa hiyo hatua wengi wanaichukulia ndo mwisho wa kazi, dodoso linapigwa muhuri, linaingia mtaani. Wao hapo ndo walikuwa wanaanza. Maswali wakayaingiza kwenye utafiti wao wa afya ya akili, sehemu ya ule mkubwa wa dunia uliofanyika nchi nyingi, kwao ulipita kwenye jamii saba na watu 2,436. Na humo mlikuwa na mahojiano marefu yanayoitwa CIDI, yale ambayo mtu anaulizwa dalili moja baada ya nyingine, ilianza lini, ilidumu muda gani, ilikuzuia kufanya kazi au hapana, mpaka unaweza kusema kwa vigezo vya DSM-IV, ule mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, huyu siku 30 hizi alikuwa na sonona au ugonjwa wa wasiwasi, na yule hana. Halafu ndo unakaa unauliza: je, yale maswali sita mafupi yaliwatambua haohao?

Majibu yakatoka 2008, Furukawa na wenzake. Kipimo chao kilikuwa 0.94, maana yake ni hivi: chukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua, mara 94 kwa 100 yule mgonjwa ndo atakuwa na alama kubwa zaidi. Ni kipimo kizuri sana kwa maswali ya dakika mbili. Lakini angalia na uungwana wao, hawakusema 0.94 wakanyamaza, waliandika kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.88 na 0.99, kwa sababu ukihoji watu wa mtaani wagonjwa wanakuwa wachache na hesabu inayumba. Tena hawakuchora mstari mmoja wa "huku wagonjwa, huku wazima". Waligawa alama kwa mafungu, wakaonyesha kila fungu linapandisha au kushusha kiasi gani uwezekano wa mtu kuwa mgonjwa, na mafungu hayo yakakaribiana sana na ya Kiingereza. Hapo ndo mtu ana haki ya kusema dodoso la Kijapani linafanya kazi sawa na la kwanza.

Na wanalitumia kweli. Tangu 2007 liko kwenye utafiti wa serikali yao wa hali ya maisha ya wananchi. Kwenye mpango wao wa afya wa taifa waliweka lengo kabisa, watu wazima wenye alama 10 kwenda juu, waliokuwa asilimia 10.4 mwaka 2010, washuke mpaka 9.4. Watafiti wao wakitaka kunasa watu mapema wanatumia 5 kwenda juu, na 13 wanaiachia wale waliozidiwa. Kwa hiyo hata kwa Mjapani ile 13 yenu sio mlango wa usalama.

Nina neno moja la kuwapinga pia, nisionekane nimelewa sifa za Japan. Yale mahojiano marefu hufanywa na wahojaji waliofundishwa, watu kama mimi, sio madaktari. Kwa hiyo walilinganisha dodoso fupi na dodoso refu. Mimi ningependa hapa kwetu upande wa pili akae daktari wa akili au mwanasaikolojia wa kliniki, hata kama ni kwa watu wachache.

Na msidhani nasema jambo la kuota, Dar es Salaam lilishafanyika. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwenye kliniki za wajawazito hapahapa mjini, kwa kina mama wajawazito wenye VVU. Walitumia dodoso lingine, la Hopkins, maswali 25, kila jibu alama 1 mpaka 4, unachukua wastani. Nchi za Magharibi mstari uliozoeleka ni 1.75. Dar ulitoka 1.06! Hebu fikiria hiyo maana yake, mama amejibu "hapana kabisa" karibu kila swali, akakubali kidogo tu kwenye swali moja au mawili, na tayari anastahili kuangaliwa. Wangechukua 1.75 ya watu wakaiweka kwenye kiboksi gazetini, kina mama wengi waliokuwa wanaumwa wangerudishwa nyumbani na cheti cha uzima. Baadaye, 2008, timu hiyohiyo wakatoa dodoso la hapahapa la maswali 19. Sasa mhariri, kazi ipo, imefanyika kilomita chache kutoka ofisini kwenu, halafu ukurasa wa afya unaenda kuokota namba intaneti.

Kwa nini Dar mstari ulishuka vile? Wataalamu watakuwa na majibu yao, mimi nina ninachokiona uani.

Kwenye utafiti mmoja tulikuwa na maswali ya aina hii ya K6. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, uani mama mmoja anachambua mchele kwenye ungo, pembeni mama mkwe wake kakaa kwenye mkeka, jirani anafua, watoto wanapita katikati. Taratibu inasema mhojiwe awe peke yake. Peke yake wapi? Chumbani kalala mume katoka zamu ya usiku. Basi tukasogea kidogo karibu na tanki la maji, ndo faragha yenyewe hiyo. Nikauliza mara ngapi kila kitu ulikiona kizito, akanicheka, "Mwanangu, toka alfajiri nabeba ndoo na mtoto mgongoni, chepesi hapo kipi?" Muda wote, alama 4, na mimi nikijua moyoni kwamba hajanijibu kuhusu akili yake, kanijibu kuhusu ndoo. Wasiwasi 2, huzuni 2, kutulia hana shida, 0. Kukosa tumaini je? Hapo akakaza uso kabisa, akasema kukata tamaa na rehema za Mungu ni dhambi, andika hata mara moja. Nikaandika 0. La mwisho, kujiona huna thamani, akamtupia jicho mama mkwe, akajibu haraka, "Hata mara moja." Jumla 8.

Nikafunga tableti, nikaaga, shikamoo kwa bibi, akanisindikiza mpaka kwenye kona ya duka. Pale dukani akasimama akaniambia kwa sauti ya chini, "Lile la mwisho, weka lile la juu kabisa." Akageuka akarudi ndani.

Sasa hesabu: 8 imekuwa 12. Alama nne zilikuwa zimekaa nyuma ya jicho la mkwe mtu. Na hata baada ya kunisindikiza, kwa kiboksi chenu yule mama bado yuko salama!

Ndo maana nasema dodoso lipimwe hapa, kwa watu wa hapa, kwa namna tunavyoulizwa na tunavyoishi. Kwingine watu wanajaza wenyewe kwenye karatasi, sisi tunaulizwa kwa mdomo na mtu mgeni mwenye kitambulisho shingoni mbele ya ukoo mzima. Wengine wana dini inayowakataza hata kutamka kwamba wamekata tamaa. Kuna madodoso mengine ambayo swali moja linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo watu wanafunga mdomo kabisa, na sishangai, maana Kanuni yetu ya Adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa. Nani atamkubalia mtu wa tableti jambo lenye kesi ndani yake? K6 haina swali hilo, afadhali, lakini watu wakishaona maswali ya akili wanaanza kujilinda kuanzia la kwanza.

Halafu kuna upande wa pili ambao nao kiboksi hakikuusema, wale watakaoambiwa wanaumwa na hawaumwi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Watu 1,000, wagonjwa kweli 50. Dodoso letu lina uwezo wa kunasa wagonjwa 80 kwa 100, na wazima linawaachia 90 kwa 100, yaani dodoso zuri tu. Litanasa wagonjwa 40, wagonjwa 10 litawakosa, na kati ya wale wazima 950 litawashika 95 bure. Kwa hiyo walioambiwa "una tatizo" ni 135 na wenye tatizo kweli ni 40, hawafiki hata theluthi. Hilo sio kosa la dodoso, kazi yake ni kuchuja kwanza, halafu mtu mwenye ujuzi akae na hao 135 awaongeleshe mmojammoja. Lakini ukishamwandikia msomaji "una tatizo la akili" bila huyo mtu wa pili umemtia hofu bure, na kwa mtaa wetu ulivyo, neno "akili" likishamgusa mtu kesho yake wanamwita kichaa wa Mirembe.

Na huyo mtu wa pili yuko wapi, hilo nalo ni suala. Kwenye utafiti ule tulikuwa na karatasi za rufaa, ukiona mhojiwa ana hali unampa aende kituo fulani. Mmoja akaenda akaambiwa mhusika yuko siku moja tu kwa wiki, rudi siku hiyo. Nauli na kibarua alichoacha ni juu yake. Sikitaji kituo, wale wenyewe wamezidiwa. Wazimbabwe walilitatua kwa akili sana, walikuwa na dodoso la Kishona la maswali 14 lililoanzia kwa maneno ya watu wao miaka ya 1990, halafu 2006 Dixon Chibanda akaanza kule Mbare, Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuongea na aliyepata alama za juu. Dodoso na benchi vinakwenda pamoja. Mbagala hatuna uhaba wa mabibi wenye busara.

Kuna jambo lingine limenikera zaidi ya gazeti, nalisema hapa kwa sababu limeanza kuenea. Ndugu yangu anafanya kazi kampuni moja hapa mjini, kampuni siitaji, wametumiwa fomu ya mtandaoni ya kupima msongo wa mawazo, maswali karibu yaleyale, na juu ujaze jina na namba ya ajira, na majibu yanaenda kwa meneja rasilimali watu! Sasa wewe una mkataba wa mwaka mmoja, utaandika ukweli? Wote wamejiandikia sifuri, na meneja atatoa ripoti kwamba wafanyakazi wana furaha. Japan tangu Desemba 2015 ni sheria, kila sehemu ya kazi yenye watu 50 kwenda juu ifanye kipimo cha msongo kila mwaka, dodoso lao la kazini lina maswali 57, lakini sheria hiyohiyo inamzuia mwajiri kuona matokeo ya mtu bila mtu mwenyewe kukubali. Kampuni zetu zimechukua nusu ya jambo, ile nusu ya kuuliza.

Ninachoomba sio kikubwa. Chapisheni masahihisho, pahali palepale kilipokaa kiboksi, sio kona ya chini ukurasa wa 14. Semeni maswali yale ni ya kumfanya mtu ajitafakari na hayampi jibu la ugonjwa, toeni ile "uko salama", na mtu ambaye siku nyingi halali, hali, hana hamu na kitu, aende hata kama alama zake ni 3, afike hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, Amana au Mwananyamala, aulizie kitengo cha afya ya akili.

Na kwa wanafunzi wa uzamili pale Muhimbili wanaohangaika kutafuta mada, mada hii hapa, K6 ya Kiswahili ipimwe Dar es Salaam, na safari hii wanaume wawemo. Kazi ile ya 2002 ilikuwa ya wajawazito, haituambii kitu kuhusu kijana wa bodaboda wa Buguruni, na huyo kijana ukimuuliza kama ana huzuni atakwambia fresh tu, halafu ukiuliza wenzake kijiweni watakwambia siku hizi anagombana na abiria wote na jioni hatoki kwenye pombe. Huyo mstari wake uko wapi, 13, 5 au 3, hakuna mwenye haki ya kuutaja mpaka mtu akae na vijana kama yeye na daktari pembeni. Wahojaji tupo, tableti zipo, hata nauli ya mwendokasi tunajilipia kwanza turudishiwe baadaye kama kawaida.

Mwandishi wenu wa afya akitaka kuona mahojiano marefu yanavyokwenda, kwa wagonjwa hawezi kuingia bila kibali, hiyo ni sawa. Lakini siku za mafunzo wahojaji tunaigizana wenyewe kwa wenyewe, mmoja mgonjwa mmoja muulizaji, chai na maandazi yapo. Anakaribishwa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam